Usiku wa Pili si Hukumu ya Jino

Ganzi yangu iliisha matatu yetu ilipopita Msambweni. Nilikuwa nimetoka Ukunda kwa daktari wa meno, gego la chini la kushoto limefunguliwa, kiini kimetolewa, tundu limezibwa kwa dawa ya muda, na mkononi nina kadi ya miadi ya wiki mbili mbele. Shavu lililokuwa zito kama la kuazima likaanza kurudi kwa mwenyewe, na tulipofika Ramisi nilikuwa nimeishika taya kwa viganja viwili. Mama aliyeketi kando yangu akanitazama kwa huruma.

"Pole mwanangu. Jino?"

"Ndiyo mama. Limeanza kutibiwa mzizi leo."

"Ungeling'oa ukapumzika. Sasa umelipa, na bado lauma."

Kijana wa kiti cha nyuma akaongeza kwamba ami yake alifanyiwa hiyo hiyo ruti-kanali, akakesha siku tatu, mwishowe akaenda kulitoa. Utingo akafunga mjadala: dawa ya jino bovu ni kung'oa. Hadi tunashuka Lunga Lunga, hakuna abiria aliyesema neno la kulitetea gego langu.

Siku ile sikuwajibu, maana kinywa hakikuniruhusu. Nawajibu leo, na nawajibu kwa heshima, kwa sababu hawakusema kwa ubaya. Walisema lile ambalo nusu ya pwani hii ya kusini husema, kutoka Vanga hadi Diani: jino likiuma baada ya kuanza kutibiwa, basi tiba imeshindwa, na dawa iliyobaki ni koleo. Nasema rai hiyo ni kosa, na ni kosa linalotunyang'anya meno ambayo yangetufikisha uzeeni.

Kwanza tuelewe kinachouma. Ndani ya kila jino mna kiini, nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Uozo ukikifikia, kiini huvimba, lakini kimefungiwa ndani ya kuta ngumu zisizotanuka. Hapo ndipo linapotoka lile umivu la usiku linalopiga kama moyo. Daktari akikitoa kiini na kuisafisha mifereji ya mizizi, ameondoa chanzo. Hata hivyo, nje ya ncha ya mzizi, ndani ya mfupa wa taya, ipo nyama iliyochokozwa na ugonjwa kwa wiki au miezi, na leo imechokozwa tena na vifaa na dawa za kuoshea. Nyama hiyo huvimba kidogo. Jino husukumwa juu kwa kiasi kisichoonekana kwa jicho, lakini ukikutanisha meno unahisi limekuwa refu kuliko wenzake, na kila tonge linaligonga. Haya ni maumivu ya kidonda kilichooshwa. Hayafanani na maumivu ya jino linalooza, ingawa kwa mwenye taya, saa nane ya usiku, yote huitwa jino.

Mwaka 2011 watafiti wawili, Pak na White, walikusanya tafiti nyingi zilizowafuata wagonjwa waliotibiwa mizizi ya meno. Kabla ya tiba, wagonjwa wanane kati ya kumi walikuwa na maumivu. Saa 24 baada ya tiba, wanne kati ya kumi. Baada ya siku saba, asilimia 11 tu. Tazama mwendo wa hesabu hiyo: ni mteremko. Mtu anayeamua kung'oa usiku wa pili anatoa hukumu akiwa bado juu ya kilima, na kesho yake njia ingeanza kushuka. Wapo wachache ambao maumivu huwapanda kwa nguvu na shavu likavimba, na hao wanahitaji kurudi kwa daktari mapema. Lakini hata kwao, tafiti zilizowafuata wagonjwa kwa miaka hazikuonyesha kwamba jino lililouma sana katikati ya tiba hupona vibaya zaidi kuliko lililokaa kimya.

Sasa mrudie yule ami. Katika matatu ile hakuna aliyeuliza alikunywa dawa gani katika siku zile tatu za kukesha, wala kama alirudi kwa daktari kusema jino limekuwa refu. Pengine alihitaji kusagiwa ujazo kidogo tu ili meno yasigongane. Pengine mfereji mmoja ulibaki. Magego ya juu mara nyingi yana mifereji minne, na wa nne hujificha. Hayo yote hurekebishika mtu akirudi. Hadithi yake ilisafiri kwa sababu iliuma. Watu ambao meno yao yalitulia baada ya siku mbili hawana hadithi ya kusimulia, nao wamo humu humu katika matatu, wanatafuna karanga.

Na koleo nalo tulihesabu sawasawa. Kung'oa kuna maumivu yake ya siku kadhaa, na kuna tundu linaloweza kupoteza damu yake iliyoganda likauma kuliko jino lenyewe. Kisha huja miaka. Gego la kwanza la kudumu huota mtoto akiwa na miaka sita hivi, kwa hiyo huoza mapema kuliko mengine, na ndilo watu wengi hung'oa wakiwa vijana. Kijana wa miaka 22 akilitoa, ana nusu karne mbele yake bila hilo gego. Jino la jirani huinamia pengo, la juu hushuka kulitafuta lililokuwa mwenzake, chakula hukwama mahali papya, na uozo unapata mlango mwingine. Baada ya miaka kumi unamwona mtu anatafunia upande mmoja, na hajui tena ilianzia wapi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa uliofanywa Kenya na kutolewa mwaka 2015 ulikuta mtu mzima mmoja kati ya watatu ana meno yaliyooza. Kama jibu letu kwa kila moja ni kung'oa, tunalima mapengo.

Nakubali kwamba yapo meno ya kung'olewa. Jino lililopasuka hadi mzizini, jino lililobaki kipande kisichoweza kushika ujazo, jino ambalo mfupa wake umeliachilia: hayo hayana haja ya kubembelezwa, na daktari mwaminifu atakwambia kabla hujalipa. Gego lililotibiwa mzizi huwa pia dhaifu, likihitaji kufunikwa vizuri ili lisivunjike, na kufunikwa huko kuna gharama yake. Asiyeweza kuimudu anayo haki ya kuambiwa mapema na kuchagua. Ninachokataa ni maumivu ya usiku wa pili kufanywa hakimu wa jambo hilo.

Hoja yenye nguvu kuliko zote upande wa pili ni ya umbali, nami siipuuzi. Lunga Lunga ipo mpakani. Kutoka hapa hadi Likoni ni kama kilomita mia moja. Hospitali ya rufaa ya kaunti iko Msambweni, na kliniki nyingi za meno zinazofanya mizizi ziko Ukunda na Diani, au uvuke kivuko uingie Mombasa. Wengine huona afadhali kuvuka Horohoro kwenda Tanga. Kila miadi ni nauli ya kwenda na kurudi, na ni siku ya kazi iliyopotea. Mtu husema: nikiuma usiku, nitamfikia nani? Koleo nalipata mara moja, na naondoka nimemaliza.

Hoja hiyo ni ya kweli, lakini inapoelekezwa kwenye jino imekosea mlango. Iende kwa daktari. Muulize siku ya kwanza: je, jino hili linaweza kumalizwa leo leo? Uchambuzi wa mtandao wa Cochrane uliolinganisha tiba ya siku moja na ya siku kadhaa haukukuta tofauti ya maana katika kupona kwa jino. Si kila jino linafaa, na lenye usaha mwingi huenda likahitaji dawa ikae ndani kwanza. Lakini mgonjwa wa Lunga Lunga anastahili kuulizwa anatoka wapi kabla ya kupangiwa safari tatu kwa mazoea tu. Na asiyeweza kumalizwa siku hiyo anastahili kurudi nyumbani na mpango wa usiku.

Mpango huo ndio unaokosekana, na pengo lake limezibwa na amoksilini.

Ingia duka lolote la dawa ukiwa umeshika shavu. Kabla hujamaliza sentensi, umewekewa vidonge vya rangi mbili, mara nyingine na metronidazoli juu yake. Wengi wetu tumeamini kwamba hiyo ndiyo dawa ya jino. Siyo. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani waliwagawa wagonjwa 40 wenye kiini kilichovimba, wote wakiwa na maumivu. Wengine wakapewa penisilini kwa siku saba, wengine vidonge visivyo na dawa, na wote wakawa na dawa za maumivu za kutumia. Waliomeza penisilini hawakuumwa kidogo kuliko wenzao. Mwaka 2019 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kikaandika katika mwongozo wake kwamba antibiotiki zisitolewe kwa maumivu ya kiini, wala kwa jipu dogo la jino kama tiba ya jino lenyewe inapatikana. Sababu yake mtu yeyote anaielewa. Dawa unayomeza husafiri kwa damu. Kiini kilichokufa, au kilichotolewa, hakina damu inayoingia. Umefungulia maji kwenye bomba lililokatwa na unangoja bustani inywe.

Antibiotiki ina siku yake: ukipata homa, mwili ukachoka, uvimbe ukasambaa. Kuimeza kila jino linapogonga ni kuwafundisha bakteria kuizoea, na siku mtoto wako akipata nimonia mtaihitaji ikiwa bado ina makali.

Kinachotuliza maumivu ya katikati ya miadi ni cha kawaida hata watu hukidharau. Mwaka 2024 chama hicho hicho kilitoa mwongozo wa maumivu makali ya meno kwa vijana na watu wazima: dawa za jamii ya ibuprofeni ziwe za kwanza, zenyewe au pamoja na parasetamoli, kabla ya kufikiria dawa za jamii ya afyuni. Kwa mtu mzima mwenye afya, ibuprofeni miligramu 400 pamoja na parasetamoli miligramu 1000, baada ya chakula, kila baada ya saa nane, kwa siku mbili au tatu. Parasetamoli isizidi gramu 4 kwa siku. Ibuprofeni ya kununua bila cheti isizidi miligramu 1200 kwa siku. Na jambo ambalo wengi hatukuambiwa ni saa ya kuanza: meza dozi ya kwanza kabla ganzi haijaisha. Ningelijua hilo, ningemeza Ukunda, na Ramisi ingenipita nikitazama miwa.

Watu husema, "Brufeni nilimeza, haikunisaidia." Ukiuliza, alimeza tembe moja ya miligramu 200, saa nne baada ya umivu kushika kasi, akangoja dakika kumi, akaenda kuomba sindano. Dawa ya uvimbe hufanya kazi ikitangulia na ikirudiwa kwa saa. Sindano ya diklofenaki si bora kwa sababu ya kuchoma. Ni ndugu wa ibuprofeni, na kuzichanganya hizo mbili, au kuziongezea aspirini, ni kuuongezea mzigo tumbo na figo bila faida. Tembe nyingi za maumivu za dukani zina aspirini na parasetamoli ndani yake, kwa hiyo soma paketi kabla ya kujumlisha.

Hapa pwani nina onyo la ziada. Ibuprofeni haimfai mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo, mtu ambaye pumu yake huamshwa na dawa za aina hiyo, wala mjamzito, hasa mimba ikishapita wiki 20. Hao wabaki na parasetamoli na wamwambie daktari. Na kwetu kuna homa ya dengi, ambayo ililipuka Mombasa mwaka 2013. Ukiwa na homa, mwili unavunjika na macho yanauma kwa nyuma, usimeze ibuprofeni wala aspirini ukidhani ni jino, kwa sababu katika dengi dawa hizo huongeza hatari ya kutoka damu. Nenda ukapimwe.

Karafuu je? Naiheshimu. Mafuta yake yana kitu kinachotia ganzi, na madaktari wenyewe huchanganya mafuta ya karafuu na unga wa zinki kupata ujazo wa muda. Ikiwa ujazo wako umedondoka, pamba yenye tone la mafuta hayo ndani ya tundu itakusaidia usiku mmoja hadi ufike kwa daktari. Ikiwa ujazo bado upo, karafuu haifiki panapouma. Usiipake kwenye ufizi kwa wingi, itaunguza. Aspirini ya kubana kando ya jino nayo ni vivyo hivyo: huchoma ufizi ukawa mweupe, halafu una vidonda viwili. Na usichokonoe ujazo ili "upepo utoke". Jino lililoachwa wazi huingiwa na chakula na mate, na kazi ya daktari inaanza upya. Sukutua kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, tafunia upande wa pili, lala kichwa kikiwa juu ya mito miwili. Ni mambo madogo, lakini usiku mrefu hufupishwa na mambo madogo.

Mwezi wa Ramadhani huleta swali lake, na nimeona watu wakiacha tiba katikati kwa ajili yake. Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilikaa Jeddah mwaka 1997 likaeleza kwamba kutoboa jino, kulisafisha na hata kuling'oa hakubatilishi saumu, mradi mtu asimeze kinachofika kooni, na kwamba sindano isiyo ya lishe haifunguzi. Kwa hiyo miadi si lazima ingoje Idi. Dawa za kumeza zipangwe baada ya futari na wakati wa daku, tumbo likiwa na chakula. Umivu likizidi uwezo, mgonjwa anayo ruhusa yake katika dini na anaijua. Amuulize sheikh wake bila haya.

Kuna wanaopinga koleo lakini wakaleta kosa la upande wa pili, yaani kuambiana tuvumilie. "Ni kawaida, vumilia." Kauli hiyo nimeisikia hata kutoka kwa wanaotibu. Maumivu kuwa ya kawaida si sababu ya kuachwa bila dawa, na si kila umivu ni la kawaida. Uvimbe ukipanda kuelekea jichoni au ukishuka shingoni, chini ya ulimi pakiinuka, kumeza kukawa shida, mdomo ukakataa kufunguka, au homa ikapanda, hapo hakuna kungoja miadi. Maambukizi ya jino yakishuka chini ya taya yanaweza kuziba njia ya hewa. Mtu huyo apelekwe Msambweni usiku huo huo. Na maumivu yasiyopungua baada ya siku tatu za dawa zilizomezwa sawasawa yanamtaka daktari alitazame jino tena; mgonjwa asione aibu kurudi, wala asitozwe kwa kurudi.

Hapo nageuka kwa madaktari wa meno na maafisa wa afya ya kinywa, kwa sababu lawama kubwa si ya mama wa kwenye matatu. Yeye alisema analolijua. Mimi nilitoka katika kiti cha matibabu bila kuambiwa kwamba ganzi itaisha njiani, bila kuambiwa jino litahisi refu, bila jina la dawa, bila namba ya kupiga. Niliambiwa tarehe. Aliyenitibu aliijua kazi ya mikono yake, na gego hilo lilitulia siku ya tatu, likamalizwa, na leo nalitafunia. Lakini zile siku mbili aliniachia mimi na matatu tuziamue, na ningekuwa na haraka kidogo tu, kazi yake nzuri ingeishia katika ndoo ya kung'olea.

Tiba ya mzizi haina pengo kati ya miadi na miadi. Usiku ule ni sehemu ya matibabu sawa na vifaa na ujazo, na anayelipia jino amelipia na usiku huo.

Kwa hiyo naomba jambo moja, na halihitaji bajeti ya kaunti. Kadi ya miadi ina upande wa nyuma mweupe. Andika hapo, kwa Kiswahili: dawa gani, kiasi gani, saa ngapi; siku ngapi litauma; dalili zipi zinamtaka mgonjwa arudi usiku huo; na namba ya simu inayopokelewa. Kisha mwulize anatoka wapi. Akisema Lunga Lunga, mpe dozi ya kwanza kabla hajapanda gari.